Sauti tuliyoililia haikuwa ya Makeba

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili iliyopita kuhusu Miriam Makeba, mwimbaji wa Afrika Kusini, niliisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu nyekundu mkononi. Nimestaafu ualimu siku nyingi lakini ugonjwa huo haujanitoka. Mwandishi wenu amejitahidi, ila pale aliposema kuwa Makeba aliimba London mwaka 1961 katika King Kong, ule mchezo wa jukwaani wa nyimbo unaomhusu bondia (si sokwe wa sinema), amekosea. Makeba hakuwamo. Aliyepanda jukwaani pale Princes Theatre, akiwa Joyce, mhusika mwenye kilabu cha pombe ambaye kwao Afrika Kusini alichezwa na Makeba, ni mwanamke mwingine wa Afrika Kusini, Peggy Phango.

Simcheki mwandishi. Kosa hilo hilo limekaa nyumbani kwangu zaidi ya miaka arobaini.

Marehemu mume wangu alikuwa karani bandarini hapa Tanga, enzi zile meli zikitia nanga nje na mkonge ukipelekwa kwa matishari. Mwaka 1966 baharia mmoja Mwingereza alimpa santuri kubwa, naye akampa kapu la machungwa ya Muheza. Jalada lilikuwa limeshaloa maji ya bahari, maneno yaliyosomeka ni King Kong basi. Nilipoolewa mwaka uliofuata niliikuta santuri ile sebuleni ina heshima kunishinda mimi bibi harusi. Kuifuta vumbi ilikuwa kazi yake peke yake.

Alikuwa amesoma gazetini kwamba Makeba aliimba katika King Kong, na hilo likamtosha. Kila ukifika wimbo wa Back of the Moon ananyanyua kidole: "Msikilize Makeba huyo!" Mimi nilikuwa nasita. Makeba wa redioni nilimjua, na huyu wa kwenye santuri alinipa shaka. Nikimwambia, jibu lake ni moja: mtu akiwa jukwaani hubadili sauti. Mke ana hoja gani mbele ya karani wa bandari? Nikanyamaza. Sasa fikiri, Mhariri, sisi ndio watu wa Tanga tunaojidai masikio. Bi. Shakila, mwimbaji wetu wa taarab, awe na kikundi cha Black Star au awe na Lucky Star, akifungua kinywa tu mtoto wa Ngamiani alikuwa anamtaja jina kabla ya ubeti wa kwanza kwisha.

Tarehe 9 Novemba 2008 Makeba akafariki Italia, mara tu baada ya kutoka kuimba Castel Volturno. Usiku tuliopata habari mume wangu alikuwa tayari haoni vizuri. Akaniambia niiweke santuri mimi, na ndiyo mara ya kwanza niliyoruhusiwa kuigusa. Tuliisikiliza pande zote mbili, tukageuza tena. Alilia. Nami nililia, kwa kumwona yeye analia.

Yeye mwenyewe alinitoka miaka mitatu baadaye. Halafu siku moja mjukuu wangu akaja na simu yake, akanipigia King Kong ya 1959, iliyorekodiwa kwao Afrika Kusini. Wimbo ule ule, mpangilio wa vyombo karibu ule ule, na sauti ile ambayo kila siku nilikuwa naijua. Nikamwambia arudie. Akarudia mara nne, bando lake likaisha.

Mambo yalikwenda hivi. Mchezo ulianza tarehe 2 Februari 1959 Johannesburg, katika ukumbi wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, kwa sababu pale weusi na weupe waliweza kukaa pamoja kutazama. Muziki ni wa Todd Matshikiza. Kisa ni cha kweli, cha bondia Ezekiel Dlamini, aliyemuua mpenzi wake, akaiomba mahakama imhukumu kifo, na mwisho akafa maji. Bondia aliigizwa na Nathan Mdledle wa Manhattan Brothers, kundi ambalo Makeba alianza nalo kujulikana kabla ya kwenda kwa wasichana wenzake wa The Skylarks. Mwaka huo huo wa 1959 Makeba akaondoka kwao kwa ajili ya filamu iliyoonyeshwa Venice, akaishia Marekani. Mama yake alipofariki mwaka 1960, serikali ya makaburu ikamzuia kurudi hata kuzika. Kwa hiyo wenzake walipofika London, yeye alikuwa ng'ambo ya pili ya bahari, hana pasi. Phango akavaa viatu vyake, na sauti yake ndiyo iliyo katika santuri yetu, iliyorekodiwa London; baada ya mchezo akabaki Uingereza.

Jambo la pili. Mmemtaja Makeba kwa Malaika na Pata Pata tu, mkaruka jukwaa. Mimi naona hata Malaika huielewi bila King Kong. Nimefundisha Kiswahili miaka thelathini na miwili, na kila nikiusikia wimbo ule nashtuka pale anapoimba "hukuwaza" mahali pa "nakuwaza". Wanafunzi wangu walikuwa wanamcheka. Ningemsahihishia, ningempa saba kwa kumi. Lakini msikilizeni alivyouimba na Harry Belafonte, mwimbaji wa Marekani, katika ile albamu ya 1965 iliyowapatia Grammy: neno analikosea na bado unamwona mtu anayependa na hana mahari. Huyo ni mwigizaji. Ameshika maneno kwa sikio kama wachezaji wanavyoshika, akayaingia. Wapo waimbaji wetu wanaotamka kila herufi sawasawa na wimbo ukapita kama tangazo la kodi. (Nani aliutunga Malaika, hilo mniache, sitaki ugomvi.)

Naomba basi masahihisho, si lazima yawe makubwa. Jina la Peggy Phango liandikwe mahali pake. Mume wangu alimpenda mwanamke yule maisha yake yote bila kumjua jina, na mimi nilikuwa na wivu na mtu asiye yeye.

Mwisho, kama yuko msomaji wa Tanga, Muheza au Pangani mwenye santuri yenyewe ya 1959, si ya kwenye simu, namwomba aniazime. Nami nitamwazima hii ya London, akae nayo wiki moja. Gramafoni ninayo, na sindano nimenunua mpya.

Mwalimu mstaafu,
Ngamiani, Tanga