Mdogo wangu, njoo tushuke mto

Mdogo wangu,

Ulipoona picha zetu za kushuka Mto Nile kwa kayaki, mtumbwi mwembamba wa kasia, huko Jinja, Uganda, ulijibu kwa neno moja tu: "Hapana." Nilikuelewa. Kwetu Mwanza, tangu MV Bukoba ilipozama Mei 1996, hakuna anayeyachukulia maji kama mchezo, na mama mpaka leo hapandi kivuko bila kusali kwanza. Sitakuambia usiogope. Nakuandikia hadharani kwa sababu wako wengi wa kwetu wenye hofu kama yako, na kwa sababu safari ijayo nataka uwe nasi.

Ziwa letu, Viktoria, lina mlango mmoja tu wa kutokea. Mito inayoingia ni mingi, Kagera ukiwa mkubwa kuliko yote, na mvua ndiyo inayolijaza zaidi. Lakini maji yote yanayotoka kwa njia ya mto hupita pale Jinja. Wazungu waliuita mto huo Nile, ila Wasoga, wenyeji wa Jinja, wana jina lao, Kiyira. Kwa hiyo sikuiti ugenini. Ni maji yaliyotulea.

Tunaingia chini ya bwawa la Bujagali. Kila mtu kavaa jaketi okozi lililokazwa mikanda na kofia ngumu, na kiongozi hukagua mmoja mmoja. Asiyekaza haingii majini. Kiongozi hutangulia, na mzoefu mwingine hufunga msafara, asiruhusu yeyote kubaki nyuma yake. Kasia likiinuliwa wima, njoo. Likilazwa juu ya kichwa, simama hapo ulipo. Filimbi tatu, kuna mtu hatarini.

Kwenye kona ndipo utakapoujua mto. Maji hukimbilia upande wa nje wa kona, huko huchimba ukingo, huangusha miti, na matawi yaliyolala majini humnasa mtu huku maji yakipita. Upande wa ndani mkondo hupoa, mchanga hujikusanya. Basi tunaikata kona mapema, tukielekea ndani, kila kayaki ikiacha nafasi na ya mbele yake. Nyuma ya miamba maji hugeuka na kurudi juu, nasi hujibanza hapo kupumua na kuhesabiana. Ukipinduka, lala chali, miguu juu ielekee kule mto unakokwenda, wala usijaribu kusimama penye mkondo: mguu ukinasa kwenye mawe, maji yatakulaza kifudifudi. Haya utafundishwa na kuyarudia penye maji tulivu kabla ya kwenda popote.

Na kuna sababu ya kukuharakisha. Maporomoko ya Ripon, ambayo Speke, mpelelezi Mwingereza, aliyafikia mwaka 1862, yalizama bwawa la Owen Falls lilipokamilika mwaka 1954. Bujagali yakafuata, mahali ambapo Wasoga walikuwa wakiendea mzimu wao Budhagaali. Bwawa likazinduliwa 2012, megawati 250. Mwaka 2019 ikaja Isimba, megawati 183, ikafunika mawimbi ambayo watu walikuwa wakivuka bahari kuja kuyapanda. Najua umeme ni nini kwa mtoto anayesomea kibatari, na siwezi kumwambia Mganda akae gizani ili mimi nipige kasia. Lakini poromoko likishazama halirudi, na naamini kwa moyo wangu wote kwamba yaliyobaki pale Itanda na Kalagala yaachwe kama yalivyo. Itanda yenyewe hatuishuki. Tunatoka majini, tunabeba kayaki mabegani na kuzunguka kwa miguu, na unasimama juu ya mwamba ukisikia kishindo hadi kifuani. Nataka uyaone kwa macho yako, siyo kwenye simu yangu.

Kichocho kipo, nisikufiche. Ukirudi utapima na kumeza dawa kama tunavyofanya sote. Leta nguo zinazokauka haraka, viatu vya kufunga kamba, na pasipoti isiwe karibu kwisha. Tutapita Sirari, Kisumu, Busia. Kayaki ya watu wawili hukodishwa mapema, kwa hiyo nijibu kabla mwezi haujaisha. Wewe utakaa mbele, kiongozi nyuma yako, nami nitakuwa ubavuni kwenu njia nzima.

Dada yako