Mwanangu, jioni utakuta mkate

Mwanangu Mwanaidi,

Assalaam alaykum. Tiketi yako nimeiona, alhamdulillahi. Utafika Hamburg mwezi wa tano, na kabla hujapanda ndege nataka ujue jambo linalowakwaza wageni wetu kuliko baridi: chakula cha jioni.

Wajerumani wengi, hasa wazee kama jirani yangu wa ghorofa ya chini ambaye ameshakualika, chakula cha moto hula mchana. Jioni mezani kuna mkate, siagi, jibini, matango ya siki na nyama baridi iliyokatwa nyembamba. Hicho ndicho Abendbrot. Hakuna sufuria jikoni, wala mchuzi unaokuja nyuma. Usikae ukingoja wali, kisha urudi kwangu useme umenyimwa. Mkate ndio fahari yao. Mwaka 2014 waliuingiza utamaduni wao wa mkate katika orodha ya kitaifa ya urithi usioshikika, ile inayotokana na mkataba wa UNESCO. Ni mweusi, mzito, wa nafaka ya rai, una uchachu. Utafune taratibu. Ukishauzoea, boflo la kwetu utaliona kama sifongo.

Nyama uliza kwanza. Nguruwe hajifichi kwenye soseji tu: utamkuta kwenye viazi vya kukaanga, kwenye supu ya dengu, hata kwenye peremende za kutafuna zenye jelatini. Sema wazi, "kein Schweinefleisch", yaani nyama ya nguruwe hapana, wala hakuna atakayekasirika. Ukikwama mjini, wauza döner, ile nyama ya kuchoma ya Kituruki ndani ya mkate, wako kila mtaa. Waturuki walianza kuja kufanya kazi kwa mkataba wa 1961, leo chakula chao ni cha kila mtu hapa.

Jirani ametuita Jumapili saa tisa na nusu alasiri, kahawa na keki. Usipange kufika saa kumi. Saa tisa pia usifike, utamkuta bado anapanga vikombe. Akikuongezea keki nawe ukasema "nimeshiba" kwa adabu ya nyumbani, ukitaraji akushurutishe, hatakushurutisha. Ataondoa sahani, nawe utabaki unaitazama keki ikirudi jikoni. Ukitaka, kubali mara ya kwanza. Na akizungumza nawe mtazame machoni. Najua bibi yako alikufundisha kuinamisha macho mbele ya wakubwa, lakini huyu atadhani humsikilizi.

Jumapili maduka yamefungwa. Mapumziko hayo yanalindwa na katiba, tena kwa kifungu kilichorithiwa kutoka katiba ya 1919, kwa hiyo unga na mafuta tununue Jumamosi. Waoka mikate hufungua saa chache tu. Kuna soko la samaki kando ya mto Elbe, tangu 1703, ambalo Jumapili ndiyo siku yake: kiangazi hufunguliwa saa kumi na moja alfajiri na kufungwa saa tatu na nusu. Huko nitakununulia mkate mdogo wenye heringi na vitunguu. Huo utaupenda, wewe ni mtoto wa pwani.

Utawaona pia wakihangaikia asparaga nyeupe, mboga ya vijiti, ambayo msimu wake huishia 24 Juni. Huila na viazi na siagi iliyoyeyushwa. Mimi, Mungu anisamehe, sijaona utamu wa kulipia bei ile.

Chupa tupu usitupe. Chupa ya plastiki ya maji kwa kawaida ina dhamana ya senti 25. Unaitia kwenye mashine dukani, inakupa karatasi, unaikabidhi kwa keshia. Na mkahawani maji hulipiwa, tena yana gesi usiposema "still".

Sasa mizigo. Nyama na maziwa usibebe hata kidogo, watakunyang'anya uwanja wa ndege. Maembe nayo yanahitaji cheti cha afya ya mimea, yaache. Dagaa wakavu wanaruhusiwa, na nazi pia. Niletee nazi nne, na mbuzi ya kukunia, maana yangu imevunjika meno.

Mama yako