Barua kwa mwanangu: blaki metali isiyopiga kelele

Mama, hujambo?

Sisi wazima. Mama yako anakusalimu sana, na habari za nyumbani atakupa yeye kwenye simu, maana mimi nikizianza sitamaliza leo. Dhumuni la barua hii ni muziki.

Nimekutana na albamu moja inaitwa Celestite. Ni ya Wolves in the Throne Room, bendi ya ndugu wawili, Nathan na Aaron Weaver, wa Olympia katika jimbo la Washington, Marekani. Ilitoka mwaka 2014. Hawa wanajulikana kwa blaki metali: magitaa yanayounguruma, dramu za mbio, na uimbaji wa kukwaruza koo. Kwa hiyo nilivaa hedifoni nikiwa nimejiandaa kwa kipigo. Nikangoja dramu ziingie. Wapi! Wimbo wa kwanza ukaisha, wa pili ukapita, zikafika zote tano, hakuna dramu na hakuna aliyefungua kinywa kuimba.

Kilichojaa humo ni sinthesaiza, vile vinanda vya umeme vinavyotengeneza sauti. Sauti inaanzia chini kabisa, mahali ambapo unaihisi kifuani kabla sikio halijaipata, halafu inapanda polepole kwa namna ambayo huwezi kusema ilipanda lini. Juu yake zinachomoza filimbi, tromboni na baragumu, zinavuma kidogo na kuzama. Gitaa nalo limo, ila limevutwa mpaka limekuwa mvumo mmoja mrefu. Ukisubiri likupe muziki wa kutikisa kichwa utasubiri sana. Wapo mashabiki wao wa siku zote walioona wameuziwa mbuzi kwenye gunia. Siwalaumu. Mtu aliyezoea kelele ukimpa ukimya wenye mawimbi, lazima aulize risiti iko wapi.

Lakini kadiri nilivyoirudia ndivyo nilivyozidi kuamini kwamba hawa ndugu hawakuuacha muziki wao hata kidogo. Hebu nikueleze kwa nini, ndiyo sababu hasa ya kukaa chini kuandika.

Mpiga gitaa wa blaki metali hukwangua uzi mmoja juu chini, juu chini, kwa kasi ambayo sikio linashindwa kutenganisha pigo na pigo. Dramu nazo hivyohivyo. Tazama feni: ikizunguka taratibu unahesabu mapanga yake, ikishika kasi unaona duara limetulia tuli. Ndicho kinachotokea hapa. Kasi inapopita kiasi, mapigo yanapotea, na kinachobaki masikioni ni kitu kilichosimama, kinachobadilika rangi pole pole. Mtu anayesikia blaki metali kwa mara ya kwanza husikia fujo. Aliyezoea husikia utulivu ndani yake. Ndugu Weaver walichukua vipande vya muziki kutoka albamu yao ya mwaka 2011, Celestial Lineage, wakaondoa ile mashine inayozunguka, wakatuachia duara peke yake.

Wala si jambo jipya kama wanavyodhani walionuna. Mwaka 1987 bendi ya Mayhem ya Norway ilipotoa Deathcrush, rekodi ya fujo kuliko zote za wakati wake huko kwao, kipande cha kufungulia hawakukitunga wao. Kilitungwa na Conrad Schnitzler, Mjerumani wa muziki wa elektroniki aliyewahi kuwa katika bendi ya Tangerine Dream. Yaani huu mti ulipandwa na mbegu ya sinthesaiza pembeni tangu siku ya kwanza. Na mwaka 1994 Darkthrone, bendi nyingine ya blaki metali ya Norway, walipotoa albamu ya Transilvanian Hunger, mpiga dramu wao Fenriz alikuwa amepiga vyombo vyote mwenyewe, akarekodi kwenye kinasa sauti cha njia nne tu, bila studio ya maana. Sauti yake ni nyembamba, imejaa mkwaruzo, na wimbo hauna mahali unapokwenda: unaanza, unazunguka, unakatika. Ondoa mwimbaji hapo uone kama hujabakiwa na kitu cha kulalia.

Upande wa pili wa ukoo ni Brian Eno, Mwingereza. Yeye mwaka 1978 alitoa albamu ya muziki wa viwanja vya ndege, akauita muziki wa namna hiyo ambienti, na akaandika kwamba unapaswa kufaa kwa anayeusikiliza kwa makini na kwa anayeupuuza. Wasomi wengine watakwambia blaki metali na ambienti ni maji na mafuta, mmoja unakukaba, mwingine unakuachia. Mimi naona vyote viwili vinachoshwa na jambo lilelile: wimbo wenye ubeti, kiitikio, ubeti, kwaheri.

Sasa kuna jambo lazima nikwambie kabla hujaanza kuchimba, maana nakujua, ukipenda kitu unakifuata mpaka mzizini. Kwenye mzizi wa huu utakuta damu. Albamu inayotajwa sana watu wanapozungumzia ambienti ndani ya blaki metali ni Filosofem ya Burzum, na Burzum ni mtu mmoja, Varg Vikernes. Aliirekodi Machi 1993. Agosti mwaka huohuo alimuua Euronymous, mpiga gitaa wa Mayhem, mjini Oslo. Mwaka 1994 alihukumiwa kifungo cha miaka 21 kwa mauaji hayo na kwa kuchoma makanisa, na Filosofem ikatoka mwaka 1996 mwenyewe akiwa gerezani. Humo kuna kipande cha dakika 25 cha kinanda kinachojirudia, hakuna dramu, hakuna ukelele. Ni kizuri. Nasema hivyo bila furaha, kwa sababu ubaguzi wa huyo bwana si siri, ameuandika na kuutangaza miaka mingi, na wapo wanaoingia kwa mlango wa muziki wakatokea kwenye siasa zake.

Mimi msimamo wangu ni mwepesi: senti yangu haimfikii. Kusikia nimesikia, na kukudanganya kwamba kipande kile hakikuchangia lolote ningekuwa nakufanya mtoto mdogo. Wewe utaamua yako. Ila ukiona bendi usiyoijua, yenye jalada la msitu na maandishi yasiyosomeka (karibu yote yana jalada la msitu na maandishi yasiyosomeka), soma kwanza wanasema nini kuhusu watu. Dakika tano zinatosha. Wanaoficha kitu huwa hawakifichi sana.

Hii pia ni sababu nimeishikilia Celestite. Hisia ile ya kusimama mbele ya kitu kikubwa kisichokujali, mlima au anga, ambayo vijana wa Norway walidhani haipatikani bila moto na visu, hawa wameipata kwa sinthesaiza na filimbi. Si kila sehemu inanikolea. Kuna mahali wanakaa juu ya sauti moja mpaka nikajiuliza kama kifaa kimekwama. Lakini Celestite Mirror, wimbo wa nne, unavyojikusanya taratibu kisha gitaa likaingia kwa chini kama ardhi, hapo niliacha nilichokuwa nafanya nikakaa.

Usiisikilize kwa spika ya simu, tafadhali. Spika ile haina besi, na nusu ya albamu imelala huko chini. Utasikia filimbi na kelele za nyuki, halafu utaniambia baba amechanganyikiwa. Hedifoni, na usianze na wimbo wa katikati. Sauti usiiweke juu sana mwanzoni, kwa sababu inaongezeka yenyewe na utajikuta umechelewa kuipunguza.

Ukiipenda, rudi nyuma usikilize Two Hunters ya mwaka 2007, ndipo utakapoelewa waliondoa nini. Halafu kuna Thrice Woven ya mwaka 2017, ambayo dramu zimerudi na ukelele umerudi, kwa hiyo walionuna walipata chao. Ile mama yako aliisikia dakika moja akaniuliza ni nani anayeumizwa, na tangu hapo naisikiliza akiwa hayupo.

Nijibu unionavyo. Hata kama ni kuniambia ulilala kabla ya wimbo wa tatu, Eno angekubali, nami pia.

Ni mimi,
Baba yako