Salamu za Idd kutoka Ngamiani: pishi nane

Assalaam aleikum ndugu, jamaa na majirani, mlioko Tanga na mlioko mbali. Mwezi umeandama, leo Mfunguo Mosi. Idd Mubarak. Mola azipokee funga zenu, na walioshindwa kufunga kwa maradhi awape afya walipe.

Kwetu hii ni Idd ya kwanza bila Baba. Alifariki mwezi wa Rajabu na Mama bado yuko eda, hatoki. Wengi mmekuwa mkipiga simu kuuliza tunaendeleaje, nami sikuwa na la kujibu zaidi ya "tunamshukuru Mungu". Leo nataka kujibu vizuri.

Jana usiku, baada ya kupata habari za mwezi, tulitandika mkeka ukumbini tupime fitri. Kazi hiyo miaka yote ilikuwa ya Baba. Ana kibaba chake cha bati, ukingo umepinda upande mmoja. Vibaba vinne pishi moja, pishi moja kwa kila mtu wa nyumba, naye alikuwa akimtaja kila mmoja kwa jina huku akimwaga mchele, akianza na Mama na kumalizia na mtoto mchanga. Jana alipima kaka. Akaanza na Mama kama alivyofundishwa, akashuka mpaka mjukuu wa mwisho, kisha akachota tena. Mkono ukabaki juu ya gunia. Hakuna aliyesema neno. Akaurudisha mchele taratibu, akafunga gunia. Pishi nane. Mwaka jana zilikuwa tisa, na ya kwake huwa anaipima mwisho.

Ndivyo alivyotupenda Baba, kwa kutuhesabu. Akitupeleka Mkwakwani kuitazama Coastal Union, mmoja alikaa kwenye mtalimbo wa baiskeli na wawili kwenye keria; alituhesabu getini, akatuhesabu mapumziko, akatuhesabu tena mpira ukiisha, hata kama Wagosi wa Kaya wamefungwa na watu wanatoka kwa hasira. Mimi nilizaliwa 1988, mwaka ambao Coastal walichukua ubingwa wa Tanzania Bara, na kwa Baba habari hizo mbili zilisimuliwa pamoja siku zote. Sikuwahi kuona ameniweka wa pili.

Daku alituamsha kwa Filbert Bayi. Tukiwa bado tunavutana na shuka, yeye yuko mlangoni anatangaza: Christchurch, tarehe 2 Februari 1974, mita 1,500, Bayi yuko mbele tangu mwanzo, hawamkamati, dakika tatu, sekunde thelathini na mbili nukta kumi na sita, rekodi ya dunia! Hadithi ikiisha uji umeshamiminwa. Mpaka leo nikisikia jina la Bayi nasikia na harufu ya uji wa pilipili manga.

Nawajua wanaume wengi ambao mpira umewatoa majumbani mwao. Tarehe 24 Machi 2019, Taifa Stars walipocheza na Uganda, Baba alikuwa na mialiko mitatu ya kwenda kutazama na wenzake. Akaitoa televisheni barazani, akamwekea Mama kiti cha mbele, akawaita majirani. Stars walikuwa hawajafika fainali za Afrika tangu Lagos 1980, miaka 39. Bao la tatu lilipoingia kila mtu aliruka. Nilipomtafuta Baba nilimkuta kasujudu pale pale barazani, paji la uso kwenye saruji, na alikaa hivyo kitambo.

Nimelia kuandika hayo. Mnisamehe, najua ni siku ya furaha.

Sasa ya kesho. Idd pili, baada ya Laasiri, mechi ya makapera na waliooa ipo kama kawaida. Baba aliwachezea waliooa mpaka magoti yakakataa, ndipo akashika filimbi. Mpira ulikuwa chini ya kitanda chake. Nimeujaza mwenyewe asubuhi hii kwa pampu ya baiskeli, na sindano nimeilowesha kwanza kwa mate kama alivyokuwa akifanya ili isichane ndani. Umesimama vizuri.

Watoto wote wa mtaa waje kuchukua mkono wa Idd, noti zimeshachenjiwa. Pilau ipo, kaimati zipo, na tambi amepika dada kwa maelekezo ya Mama kutoka chumbani. Tulio na wazee hai tuwatembelee leo, tusingoje kesho. Na mnaopita makaburini, msimsahau kwa Fatiha.

Kuna jambo moja halijakaa sawa: refa hatuna. Filimbi iko kwa Mama. Atakayechezesha apige hodi, mjukuu atampa dirishani.