Wiki mbili hazitoshi kuwajua wanafunzi

Mhariri,

Nimerudi Kisauni juzi kutoka Ujerumani, ambako vijana sita wa kanisa letu tulikaa wiki mbili Tübingen tukizungumza na wanafunzi wa chuo kikuu habari za Kristo. Derendingen, alikozaliwa mmisionari Johann Ludwig Krapf mwaka 1810, ni mtaa wa mji huo huo. Yeye alifika Mombasa 1844, na haikupita miezi mingi akamzika mkewe Rosina na kitoto chao kichanga. Akabaki. Akaendelea kujifunza Kiswahili na kutafsiri kitabu cha Mwanzo.

Sisi tulikwenda na vipeperushi. Hakuna aliyevisoma. Usiku wa nne tukapika mahamri na mbaazi za nazi kwenye jiko la bweni, na hapo ndipo watu walipokuja. Msichana mmoja anayesomea fizikia, mikono imejaa povu la sabuni, aliniuliza Mungu alikuwa wapi mamake alipokuwa akiugua. Sikuwa na jibu. Niliendelea kufuta sahani, naye akanisimulia habari za mamake mpaka saa saba usiku.

Tuliporudi, swali la kwanza kanisani lilikuwa: mmeokoa wangapi? Liliniuma sana. Nawasihi viongozi wetu wa Pwani, wapeni vijana miezi ya kujifunza lugha kabla ya safari, wala msiwadai hesabu ya watu. Yule dada bado ananiandikia. Jana aliniomba nimtumie Zaburi moja, ya Kiswahili, asikie inavyosomeka.

Mkristo wa Kisauni,
Mombasa