Kuhamisha si kuhifadhi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wasomaji wenzangu, hasa wale waliokabidhiwa kumbukumbu za watu: makatibu wa vikoba, walimu wakuu, makarani wa misikiti na makanisa, na yule mtoto mmoja katika kila ukoo anayetunza picha za wote.

Nina stesheneri hapa Ngamiani, Tanga. Natoa kopi, nachapa kazi za wanachuo, na tangu mwaka 2015 nawahamishia watu kaseti zao za zamani kwenye kompyuta. Huniletea mawaidha, maulidi, harusi, na zaidi ya yote kaseti za barua. Vijana huenda hawazijui. Miaka ya 1980 ndugu zetu waliokwenda kutafuta maisha Uarabuni walikuwa wakirekodi sauti badala ya kuandika, kaseti anapewa msafiri anayerudi, na sisi huku tunaizunguka redio kusikiliza nani katajwa na nani kasahauliwa. Marehemu baba yangu alikuwa Muscat kuanzia 1983 hadi 1990. Kaseti zake 11 zilikaa kwenye kopo la biskuti chini ya kitanda cha mama.

Mwaka 2016 nilizihamishia zote kwenye diski ya nje ya terabaiti moja, yaani kama gigabaiti 1,000, hii ambayo mafundi wanaiita eksteno. Niliinunua laki moja na nusu. Kaseti zenyewe zilikwisha kuota ukungu, mbili zilikatika tepu nikiwa nazicheza, kwa hiyo nilipomaliza nilizitupa. Laptopu nayo ilikuwa imejaa, nikafuta na mafaili yaliyobaki humo. Nilimwambia mama kwa kujiamini kabisa kwamba sasa sauti ya baba haipotei tena.

Agosti 2021 mtoto alipita dukani akajikwaa kwenye waya. Diski ikatoka mezani ikatua sakafuni huku ikifanya kazi. Kwa nje haikuwa na hata mkwaruzo. Nilipoichomeka ikaanza kulia tak, tak, tak, kama mtu anayegonga mlango bila kuchoka, na kompyuta ikasema haioni kitu.

Sikujua wakati ule kinachoendelea mle ndani. Diski za aina hii zina sahani inayozunguka mara nyingi mno, nyingi mizunguko 5,400 kwa dakika, na juu yake kinaelea kichwa kidogo kinachosoma maandishi. Nafasi iliyopo kati ya kichwa na sahani haifikii hata sehemu ya elfu moja ya unene wa unywele. Ikianguka inapozunguka, kichwa kinaweza kugonga sahani. Ule mlio ni kichwa kinatafuta njia na hakiipati, na ukiendelea kuiwasha, kinaweza kuzidi kukwangua palepale penye maandishi yako. Mimi usiku ule niliichomeka labda mara 30. Asubuhi fundi mmoja, kwa nia njema tu, akaifungua kwa bisibisi juu ya meza, feni ikitupulizia wote. Kazi ya namna hiyo hufanywa katika chumba maalumu kisicho na vumbi, na si kila mji una chumba hicho.

Tulipona na kaseti mbili. Dada yangu wa Mombasa alikuja Idi mwaka 2018 akang'ang'ania apewe zile ambazo baba anamtaja jina, nami nikamtilia kwenye flashi ili aache kunisumbua. Ndizo mama anazosikiliza mpaka leo. Tisa nyingine hatuna.

Ndugu Mhariri, nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu kila wiki naona mtu dukani kwangu akifanya lile nililofanya mimi. Anasema amehifadhi, kumbe amehamisha. Amekata kwenye laptopu akabandika kwenye diski ili apate nafasi, na tangu saa hiyo kitu chake kiko mahali pamoja tu, tena ndani ya chombo kinachobebwa kwenye mkoba, kinachoangushwa, kinachoibwa, na kinachochomolewa bila kuiaga kompyuta wakati bado inaandika. Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba ya kwenye diski inaoza, na mara nyingi haikupi hata dalili.

Mpiga picha mmoja wa Marekani, Peter Krogh, aliweka kanuni ambayo mafundi wengi wanaifuata: nakala 3, kwenye vyombo vya aina 2, na 1 kati yake ikae mbali na nyumba. Watu wakisikia wanadhani ni mambo ya matajiri. Kwa katibu wa kikoba maana yake ni hivi: daftari la hisa liko kwenye laptopu, liko kwenye diski inayochomekwa siku ya kunakili tu na kisha inafungiwa kabatini, na liko kwenye flashi kwa mweka hazina, mtaa wa pili. Ile ya kabatini isiachwe imechomeka siku zote, maana kirusi kinachofunga mafaili kikiingia kitafunga na yake.

Wapo wanaoniambia, mama, siku hizi kila kitu kiko mtandaoni. Ni vizuri, nami nina hizo gigabaiti 15 za bure za Google. Lakini hazitoshi video ya harusi mbili, na tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini zinazotuletea intaneti zilipokatika nilikuwa na wanachuo watatu dukani ambao kazi zao zote zilikuwa huko na hawakuweza kuzishusha. Na wanaodhani kwamba wakubwa hawapotezi, basi waitazame Korea Kusini. Septemba 2025 moto uliwaka katika kituo cha kompyuta za serikali mjini Daejeon, na terabaiti 858 za kazi za watumishi zikateketea, kwa kuwa hazikuwa na nakala nje ya jengo lile.

Kuna na wizi ambao unanichoma moyo. Flashi na diski zinauzwa barabarani zimeandikwa terabaiti 2, bei ya sahani ya pilau na soda. Ukiichomeka, kompyuta nayo inasoma terabaiti 2, kwa sababu imechezewa ndani ili idanganye. Ukweli wake ni gigabaiti chache. Zikijaa, faili jipya linaandikwa juu ya la zamani. Majina yote unayaona, ukifungua hakuna kitu. Mwalimu mmoja aliniletea ya kwake ikiwa na matokeo ya miaka minne. Tuliona majina ya madarasa yote, alama hatukuziona. Ukinunua chombo, kijaze chote kwanza kwa vitu visivyo na thamani, kisha uvifungue kimoja kimoja kabla hujakiamini.

Na kompyuta ikikuuliza kama unataka kuifomati diski yako, yaani kuifuta na kuianza upya, kataa. Ichomoe, nenda kwa mtu anayejua, usinakili chochote juu yake. Kama haina mlio na haikuanguka, iko programu ya bure inayoitwa PhotoRec ambayo imewahi kunirudishia picha za watu wengi. Hizi diski za kisasa zisizozunguka haziogopi sana kuanguka, ila zikifa hufa ghafla, na kilichofutwa humo ni shida kukirudisha.

Siku hizi mteja wa kaseti simkabidhi kazi mpaka alete vyombo viwili, na kaseti yake namrudishia mkononi, hata kama ina ukungu. Wengine wananung'unika kwamba nawatafutia gharama. Mama mmoja aliondoka kwa hasira mwezi uliopita. Alirudi siku ya tatu na flashi ya mwanawe.

Diski yangu ninayo bado. Imefungwa kwenye kitambaa ndani ya lile kopo la biskuti. Nimeambiwa wapo wataalamu nje ya nchi wanaoweza kuijaribu, kwa fedha ambazo sijazipata, na kwamba nisiichomeke tena hadi siku hiyo. Sijaichomeka.

Mwenye stesheneri,
Ngamiani, Tanga