Kutoka cheni hadi mkanda: kazi yenyewe iko kwenye sili

Wateja wenye pikipiki za zamani za Norton na Triumph hutuuliza: tukifungiwa mkanda wa meno badala ya cheni ya praimari, oili itaacha kudondoka? Itaacha, lakini si mkanda utakaoizuia. Mkanda hutaka pakavu, kwa hiyo kila njia inayoingiza oili kwenye kasha lake lazima izibwe kwanza, hasa kwa sili (pete za mpira za kuzuia oili), na hapo ndipo fundi anapotumia muda wake.

Cheni ya praimari ndiyo inayotoa nguvu kwenye kranki (shafti kuu ya injini) na kuipeleka kwenye klachi. Si ile ya nje inayozungusha gurudumu la nyuma. Kwenye Norton Commando ni ya safu tatu, nayo huzunguka ndani ya kasha lenye oili. Kwa modeli nyingi, mfuniko wa kasha hilo umeshikwa kwa nati moja tu katikati, ukikalia mpira unaozunguka ukingo wote. Mfuniko ukipinda kidogo, sakafu ya gereji itakuambia. Oili ikifika kwenye sahani za klachi, klachi huteleza: injini inavuma, pikipiki haiongezi mwendo.

Mkanda ni mwepesi, hauhitaji oili, na kwa Commando tunaupenda sana. Ila oili ya giaboksi nayo hutambaa kufuata fimbo inayosukuma klachi, ndani ya shafti, mpaka kwenye sahani zilezile. Kwa hiyo tunafunga sili ya fimbo hiyo pia. Bila hivyo mteja atarudi na klachi inayoteleza, akiulaumu mkanda bure.

Triumph za cc 650 kuanzia modeli za 1970 zina kazi kubwa zaidi. Kiwanda kiliondoa sili ya kranki upande wa praimari na kutoboa matundu madogo matatu kwenye ukuta wa injini, ili injini ipumulie, yaani itoe hewa yake, ndani ya kasha la cheni. Mkanda ukiwekwa humo hivihivi utalowa. Lazima turudishe sili, tuzibe matundu, kisha tuipe injini njia nyingine ya kupumua. Asiyekugusia jambo hili kabla ya kukutajia bei, usimwachie injini yako.

Kuhusu mkazo, tunawasihi msiukaze mkanda ninyi wenyewe nyumbani kwa mazoea ya cheni. Injini ikipata moto, puli (magurudumu ya meno yanayobeba mkanda) na kasha za alumini hutanuka, lakini mkanda haunyooki. Uliokazwa sawasawa ukiwa baridi utakuwa umekaza kupita kiasi barabarani, na beringi za kranki na shafti ya giaboksi ndizo zitakazoumia. Tunauacha na ulegevu kwa kipimo cha mtengenezaji, tunahakikisha puli mbili ziko mstari mmoja, kisha tunaupima tena baada ya safari ya kwanza.

Kuna pikipiki tunazoshauri zibaki na cheni. Kama yako inaandaliwa kwa mashindano yanayohukumu uasilia, au kama kasha halivuji na klachi inashika vizuri, cheni mpya iliyorekebishwa inatosha kabisa. Commando 850 Mk3 ya 1975, yenye stata ya umeme, inataka vifaa vyake maalumu. Usinunue seti ya modeli nyingine ukidhani itaingia.

Ukituandikia, tutumie namba ya injini, iliyogongwa upande wa kushoto chini ya silinda, pamoja na picha ya mfuniko wa praimari. Hapo tutajua ni modeli ya mwaka gani na sili zipi za kuagiza kabla hujaileta.